Mtoto wa miezi 22 hasemi hata neno moja: tungoje mpaka lini?

#1 Mama Riziki, Kadutu (Bukavu)

Jambo kwenu wote. Nisomeni mpaka mwisho, tafadhali, maana jambo hili nalala nalo na kuamka nalo.

Kijana wangu ana miezi 22. Nilimzaa bila shida, alitembea akiwa na miezi 14, bugali na sambaza anakula vizuri. Ila hasemi. Si "mama", si "papa", si "maji". Akiwa na kiu ananishika kifundo cha mkono, ananivuta hadi kwenye ndoo, kisha anauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya kikombe. Mkono wangu, si wake. Na hanitazami mimi, anatazama kikombe.

Mama mkwe anasema baba yake naye alianza kusema akiwa na miaka 3, kwa hiyo tungoje. Jirani anasema ni simu. Kwenye kituo cha afya walimtundika kwenye mizani, wakasema kilo ziko sawa, tukarudi nyumbani. Swali langu ni moja tu: tungoje mpaka lini?

#2 Papa wa Nne, Bagira

Pole mama Riziki. Mie niko na batoto bane, njo maana naongea kwa mambo niliyoyaona na macho yangu. Wa pili alinyamaza vilevile mpaka miaka 2 na nusu. Koko yake alikuwa anasema, "Huyu atakuwa muzee wa mashauri, anasikiliza kwanza." Leo iko mu darasa la 4 na mwalimu ananiita kila mwezi kwa sababu ya kelele yake. Batoto wanaume wanachelewa. Ngoja kidogo.

#3 Mama Mapacha, Nguba

Papa wa Nne, mshukuru Mungu kwa wako, lakini bahati yako usimwandikie mwenzako kama dawa.

Kwa kaka yangu waliambiwa maneno hayohayo: ngojeni, ni mwanaume. Wakangoja. Mtoto alipofika miaka 4, mwalimu wa maternelle (shule ya watoto wadogo) ndiye aliyeona kwamba anaangalia kwanza wenzake wanafanya nini, ndipo naye anafanya. Hasikii. Hakuwa anasikia tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi 8, na sisi nyumbani tulikuwa tunamwita mkaidi. Mimi shangazi yake nilimchapa kwa huo ukaidi. Mama Riziki, anza na masikio.

#4 Mwalimu wa Ibanda

Nafundisha watoto wa miaka 3 hadi 5. Wananijia watoto wanaoimba nyimbo za katuni kwa Kifaransa kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini ukiwauliza jina lao wanakuangalia tu. Mzazi anafurahi, "mwanangu anasema Kifaransa". Hasemi, anarudia. OMS (Shirika la Afya Duniani) ilitoa mwongozo mwaka 2019: chini ya miaka 2 mtoto asikae mbele ya skrini, na mwenye miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku. Wa kwako anapewa simu kwa muda gani?

#5 Mtoto wa Kabare

Mimi naona ni lugha. Bibi anamsemesha Kimashi, mama Kiswahili, baba Kifaransa, na kwa jirani ni Lingala asubuhi hadi jioni. Kichwa kidogo kama hicho kitashika nini? Chagueni lugha moja, mtaona.

#6 Nesi Mstaafu, Panzi

Nilikaa kwenye CPS, kliniki ya kupima na kuchanja watoto wadogo, miaka 27. Ndugu wa #5, naomba nikurekebishe kabla mama wa watu hajamkataza bibi kumsemesha mjukuu wake. Lugha nyingi hazimchelewishi mtoto. Bukavu nzima imekua na Kimashi jikoni, Kiswahili njiani na Kifaransa shuleni, na hatujawa mji wa mabubu. Kosa ni kuhesabu lugha moja tu. Mtoto mwenye neno moja la Kimashi, mawili ya Kiswahili na moja la Kifaransa ana maneno manne, si mawili.

Na Papa wa Nne: ni kweli wasichana huwatangulia wavulana kidogo. Kidogo! Si mwaka mzima.

Sasa lile linaloniuma. Mama Riziki aliuliza habari ya maneno, akajibiwa habari ya kilo. Ndivyo tulivyozoea sisi wenyewe. Mtoto analetwa akiwa na wiki 6, 10, 14, kisha miezi 9 kwa chanjo ya surua na ya homa ya manjano. Baada ya hapo mama wengi hawarudi, na sisi hatuwatafuti. Kati ya miezi 9 na siku ya kuanza maternelle ndipo maneno yanazaliwa, na wakati huo hakuna anayemtazama mtoto ila watu wa nyumbani. Nimepima kilo za watoto wengi sana. Mama niliowauliza "anaonyesha kwa kidole?" ningeweza kuwahesabu.

Kidole ndicho ninachouliza kwanza siku hizi. Kutosema peke yake kwa miezi 22 kunaweza kuwa kuchelewa tu, na wengi wa aina hiyo hushika njiani. Lakini wao huelewa. Ukimwambia "leta kiatu cha papa" analeta. Anaonyesha ndege juu kwa kidole kisha anageuka kuangalia kama na wewe umeiona. Anaigiza kufagia, anaigiza kupika. Mtoto wa miezi 18 ambaye haonyeshi kitu kwa kidole, mimi simngoji. Asiye na neno moja kwa miezi 16, simngoji. Asiyeunganisha mawili ("maji kwisha", "papa kuja") akiwa na miaka 2, simngoji. Na yule aliyekuwa na maneno yakapotea, awe na umri wowote, aende wiki hiyohiyo.

Mama Riziki, wako aliwahi kusema kitu kikapotea? Na ukimwita jina, anageuka?

#7 Papa wa Nne, Bagira

Aksanti Nesi, mumenipiga bila fimbo. Ile "kidogo" nimeisikia mpaka huku Bagira. Wa kwangu alikuwa anaonyesha na kidole kila kitu, hiyo ni kweli, mpaka tulichoka. Sikuwaza kama ile ni jambo la kuangalia.

#8 Mama Riziki, Kadutu

Aksanti sana wote. Nimesoma mara tatu.

Simu: ndiyo, nakubali. Nauza vitenge Nyawera, dada yangu mdogo ndiye anabaki naye, na simu ndiyo inamtuliza. Inaweza kufika saa 3 kwa siku. Nimeinyang'anya tangu jana, amelia sana.

Kupotea: alipokuwa na mwaka mmoja alikuwa anasema "tata" na "bai" akipunga mkono. Sikumbuki vilikwisha lini. Hapo ndipo nimelia, Nesi, sikumbuki vilikwisha lini.

Jina: hageuki. Lakini ukifungua pakiti ya biskuti chumba kingine, anakuja mbio.

#9 Mama Mapacha, Nguba

Pakiti ya biskuti? Basi narudi nyuma nusu hatua. Mtoto wa kaka yangu hakusikia hata mlango wa chuma ukifungwa.

#10 Mtu wa Idjwi

Mnaongea simu na katuni, sisi kwetu kisiwani hakukuwa na umeme, na watoto wa kuchelewa walikuwapo wengi. Wazee wa kaskazini ya Idjwi wanawakumbuka: wafupi, hawasikii, hawasemi, na mama zao wenye rovu, ule uvimbe wa shingoni. Katika miaka ya 1960 na 1970 watafiti walikuja kutuchunguza sana. Wakaona udongo wetu una iodini chache mno, na tena tunakula muhogo mchungu, ambao usipolowekwa vizuri unaizuia hata ile iodini kidogo isifanye kazi. Mama mjamzito akikosa iodini, ubongo wa mtoto unaumia kabla hajazaliwa. Muulize mama Riziki anapika na chumvi gani.

#11 Mwanafunzi wa Udaktari

Historia ya Idjwi ni ya kweli na tunaisoma darasani. Ila mtoto aliyeumizwa na ukosefu wa iodini tangu tumboni kwa kawaida huchelewa katika yote: kukaa, kusimama, kutembea, kukua kimo. Huyu alitembea kwa miezi 14. Chumvi yenye iodini inunuliwe, ifunikwe vizuri isishike unyevu, lakini sidhani jibu liko kwenye sahani.

#12 Mtu wa Idjwi

Sikusema ndilo jibu. Nimesema aulizwe. Hata kuuliza si kumetushinda miaka yote?

#13 Mama wa Soko, Kadutu

Mimi sina masomo mengi, naleta yangu.

Msichana wangu wa mwisho alikulia ndani ya karto la sabuni chini ya meza yangu ya ndagala. Nililiwekea kitenge cha zamani, nikamweka humo tangu miezi 3, kwa sababu ya mvua na matope, na miguu ya watu. Alikuwa mpole, halii. Wateja wananiambia "una bahati, mtoto mtulivu". Akifika miezi 11 hakai peke yake. Ukimweka chini anaanguka upande kama gunia lisilojaa. Mkunga mmoja alipita kununua ndagala, akainama, akamtazama, akaniuliza, "Huyu anatoka humo saa ngapi?" Nikasema usiku. Akaniambia, "Mtoe leo. Mtandikie mkeka, msemeshe hata ukihesabu pesa. Mwambie: hii mia mbili, hii mia tano."

Nilihesabu pesa kwa sauti soko zima wakanicheka. Alikaa baada ya wiki chache, alitembea na miezi 17. Leo ana miaka 6. Kwa hiyo mnaposema ugonjwa, mimi nasema muangalie kwanza siku ya mtoto inapita wapi.

#14 Papa Shujaa, Muhungu

Mama wa Soko, ulibarikiwa na huyo mkunga. Ila miezi 17 si ilikuwa bado kuchelewa? OMS wanasema mtoto atembee kwa miezi 12.

#15 Mwanafunzi wa Udaktari

Hapana, Papa Shujaa. OMS walifuata watoto wenye afya wa nchi tano (Ghana, India, Norway, Oman na Marekani) na kutoa matokeo mwaka 2006. Kutembea peke yake kulianzia miezi 8.2 hadi 17.6. Kukaa bila kushikwa kulikuwa kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kwa hiyo miezi 17 kutembea imo ndani, ila miezi 11 bila kukaa ilikuwa nje kabisa, mkunga alikuwa na haki ya kuinama. Na wale wanaoogopa kwa sababu mtoto hakutambaa: kama 4 kwa 100 katika watoto hao hawakutambaa kabisa na walitembea vizuri.

Aliyezaliwa kabla ya wakati, hesabuni kuanzia siku aliyopaswa kuzaliwa. Mtoto wa miezi 7 ya mimba mnamlaumu bure.

#16 Ndugu wa Labotte

Mpelekeni akakatwe uzi wa ulimi. Kwetu watoto watatu walikatwa na mzee mmoja wa kartie (mtaa), wote wakasema.

#17 Nesi Mstaafu, Panzi

Ndugu, naomba kwa heshima uliondoe hilo. Uzi wa ulimi ukiwa mfupi, mtoto hutamka vibaya baadhi ya sauti, au hunyonya kwa shida alipokuwa mchanga. Haumzuii kuonyesha kwa kidole wala kugeuka akiitwa. Wako watatu wangesema hata bila wembe. Niliwapokea watoto waliokatwa ulimi na waliokatwa kilimi cha kooni, wengine wamelowa damu ndani ya kitenge cha mama. Wembe uleule unatumika kwa watoto wangapi?

#18 Ndugu wa Labotte

Sikujua habari ya damu. Nimekusikia.

#19 Mama asiyetaka jina

Nimesoma kimya tangu jana. Wangu ana miaka 5 sasa. Alipokuwa na miaka 2 na nusu alikuwa hasemi, anazungusha vifuniko vya chupa mchana kutwa, akizuiwa anajipiga kichwa ukutani. Tukaenda chumba cha maombi. Siku ya tatu tukaambiwa mtoto ana roho, ndiye anayefunga kazi ya baba yake. Alinyimwa chakula siku mbili. Mimi mama yake nilikaa pembeni nikiimba.

Baba yake aliondoka. Baadaye daktari alitamka neno otizimu, yaani ubongo wa mtoto unakua kwa namna tofauti, akanieleza kwamba mtoto hakufanya kosa lolote na mimi sikufanya. Bado hasemi maneno, ila ananionyesha picha: ya kikombe, ya kitanda, ya choo. Wiki iliyopita alinionyesha picha yangu.

Mama Riziki, omba, hata mimi naomba kila siku. Lakini mtu akikuambia mtoto wako ni mchawi, mfunge mgongoni utoke.

#20 Mama Mapacha, Nguba

Mama, nakukumbatia.

#21 Papa Shujaa, Muhungu

Aksanti kwa kutuambia. Acha na mimi niseme la kwangu, sijawahi kuliandika.

Wa kwangu hakulia alipozaliwa. Walimpiga maji, wakampulizia, akalia baadaye sana. Kisha akawa wa manjano hadi machoni, tukaambiwa tumweke juani. Miezi 4 ngumi hazifunguki. Ukimnyanyua, miguu inapishana kama mkasi. Kitu kikiwa kushoto anakivukia kwa mkono wa kulia, na mimi nikawa najisifu: "Mwanangu ni wa kulia!" Baadaye nilielezwa kwamba mtoto wa chini ya mwaka hachagui mkono, akichagua mapema hivyo, huo mwingine uangaliwe. Bibi alimchimbia shimo mchangani, tukawa tunamsimamisha humo mpaka kiunoni ili miguu ipate nguvu. Tulipoteza mwaka.

Ndipo tukafika kituo cha walemavu cha Heri Kwetu kwa mazoezi ya viungo. Ana miaka 7, anatembea na kifaa, anasoma. Yule mwaka sitaupata tena.

#22 Dada wa Essence

Hakuna aliyetaja vita? Mpwa wangu alikuwa anasema sentensi nzima. Tangu Februari 2025, zile siku za milio ya risasi hapa Bukavu, akanyamaza kama mtu aliyefungwa mdomo. Miezi miwili anang'ang'ania sketi ya mama yake tu, na kitandani anakojoa upya. Sasa maneno yanarudi mojamoja. Kijana wa mama Riziki "bai" yake ilipotea lini? Si kipindi hicho?

#23 Nesi Mstaafu, Panzi

Swali zuri, na siwezi kulijibu kutoka hapa. Hofu inaweza kumnyamazisha mtoto kabisa. Tofauti ninayoijua ni kwamba mtoto wa hofu humng'ang'ania mama, humtafuta usoni. Mama Riziki amesema wake anatazama kikombe. Lakini hata hilo si hukumu.

#24 Mwalimu wa Ibanda

Bado nasema simu ina sehemu yake. Saa 3 kwa siku ni saa 3 ambazo hakuna mtu aliyemjibu.

#25 Mama asiyetaka jina

Mwalimu, kwangu hatukuwa na simu ya kioo mpaka alipofika miaka 4. Simu inaweza kumwongezea mtoto ukimya. Ila ukitupa sisi lawama hiyo peke yake, mama ataificha simu na kuficha na mtoto.

#26 Mwalimu wa Ibanda

Umenigusa. Sikumlaumu, lakini naona linavyosikika.

#27 Mwanafunzi wa Udaktari

Kuna maswali 20 yanaitwa M-CHAT, ya watoto wa miezi 16 hadi 30, yapo kwa Kifaransa na hayalipiwi. Mama anajibu ndiyo au hapana: anaonyesha kwa kidole, anajibu jina lake, anaigiza, anakuletea vitu. Hayatoi jina la ugonjwa, yanasema tu kama mtoto aangaliwe zaidi. Na wenzetu wa Malawi walichapisha kipimo chao wenyewe mwaka 2010, MDAT, kwa sababu vile vya Ulaya vinamuuliza mtoto mambo ambayo kijijini hajawahi kuyaona. Sisi tunasubiri nini?

#28 Papa wa Nne, Bagira

Munganga mudogo, wewe anza, sisi tutaleta batoto. Wa kwangu wa nne ana miezi 20, yee ataongea mpaka uchoke.

#29 Mama Riziki, Kadutu

Nimerudi. Jana jioni nilifanya kama Nesi alivyoniambia kwa faragha. Nilimketisha kwenye mkeka, dada yangu akamshikisha vijiko mbele. Mimi nikasimama nyuma yake, hatua mbili, asinione. Nikamwita jina kwa sauti ya kawaida: hakugeuka. Mara ya pili: hakugeuka. Nikakunja mfuko wa plastiki taratibu mkononi: akageuka mara moja, akautazama mfuko. Akarudi kwenye vijiko.

Baba yake alikuwa mlangoni. Hakusema kitu. Alienda kukaa kando ya mtoto, akaanza naye kugonga vijiko. Mtoto akigonga mbili, naye mbili. Walikaa hivyo hadi giza. Mara moja, nasema mara moja, alimtazama baba yake usoni akangoja zamu yake.

Mama mkwe bado anasema tungoje. Nimemjibu, "Mama, tutangoja tukiwa njiani." Alhamisi tunaenda kwa daktari wa masikio kwanza, kisha kwa daktari wa watoto. Pesa ni tabu tangu mabenki yafungwe kwa sababu ya vita, nimeuza vitenge viwili kwa hasara.

#30 Nesi Mstaafu, Panzi

Umefanya vyema. Masikio yapimwe hata kama aligeukia mfuko, maana mtoto anaweza kusikia sauti fulani akakosa nyingine. Andika kwenye karatasi yote uliyotuandikia hapa: mkono wako juu ya kikombe, "tata" na "bai", mfuko, vijiko. Daktari atakuwa na dakika chache na mtoto atakuwa analia. Karatasi haitalia. Na msiache vijiko.

#31 Mama wa Soko, Kadutu

Alhamisi nitakukalia meza yako Nyawera baada ya saa 4, kama dada yako atakwenda nanyi. Niambie bei za vitenge.

#32 Mama Riziki, Kadutu

Atakwenda nasi. Njoo, mama. Bei nitakuandikia kwa faragha.

#33 Papa wa Nne, Bagira

Nesi, samahani, swali moja. Huyu wangu wa nne, wa miezi 20. Usiku huu nimemwambia "leta kiatu cha papa". Ameniletea kisahani. Nimemwambia tena, ameleta kisahani kilekile. Nianze wapi?